Nukta ya Wifi

Siku wifi yake aliposogezewa kiti kwenye meza ya mwanga, ile iwashwayo taa kwa chini, Bi Vioo alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imelowa spiriti, na hakuinua kichwa. Alisikia kiti kikiburuzwa. Alimsikia Profesa akisema, "Kaa hapa, binti, ukae vizuri. Macho yako ni mali." Akamsikia wifi yake akicheka kile kicheko chake cha kujifanya ana haya. Hapo ndipo roho ya kwa nini ilipomwingia Bi Vioo moyoni, ikavua viatu kabisa.

Idara ile ya elimu ya nyota, pale chuo kikuu, ilikuwa na vitengo vinne vya utafiti, na kila kitengo kilikuwa na ukumbi wake na majivuno yake. Ghorofa ya juu walikaa watu wa Jua. Walikuwa na skrini kubwa ukutani, na jua likitokota humo mchana kutwa kama chungu kilichosahaulika jikoni. Waliowafuatia ni watu wa mashimo meusi, wasioongea na mtu, wakijaza ubao hesabu kisha wakiufuta kwa mikono ya mashati yao. Halafu watu wa sayari za mbali, wenye kompyuta mpya na zulia. Na chini kabisa, ubavuni mwa ngazi, kilikuwa kitengo cha Profesa, cha nyota zinazobadilika mwanga. Huko hapakuwa na cha kumtisha mgeni. Palikuwa na makabati ya chuma, ndani ya makabati bahasha, na ndani ya kila bahasha kipande cha kioo ukubwa wa daftari.

Vioo vile vilikuwa picha za anga zilizopigwa zamani, kabla ya kamera za siku hizi. Upande mmoja ni kioo kitupu, upande wa pili kuna utando mwembamba ulioshika mwanga. Nyota humo hutokea nyeusi na anga hutokea nyeupe, kama mtu aliyenyunyiza pilipili manga juu ya maziwa. Watafiti wa zamani walikuwa wakiandika kwa wino juu ya kile kioo kitupu: mishale, namba, alama za kuulizia. Kazi ya Bi Vioo ilikuwa kuyapiga picha maandishi yale, kisha kuyafuta kwa spiriti na wembe, ili kioo kiingie safi kwenye mashine ya kunakili. Ukikosea upande, ukafuta utando badala ya wino, umefuta nyota, na hakuna mtu duniani wa kukurudishia. Bi Vioo alifanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila kukosea upande. Alikuwa akikipeleka kioo dirishani, anakiinamisha kidogo, anakitazama kwa jicho moja, basi, ameshajua. Jina la Bi Vioo alipewa na watu wa idara. Yeye alikuwa mwanamke wa darasa la saba, mjane, na jina lile alilivaa kama nguo ya kutokea.

Na huyo wifi hakuwa mtu baki. Alikuwa mdogo wa mwisho wa marehemu mumewe. Alikuja nyumbani ana miaka tisa, Bi Vioo akamsuka, akamfulia sare, akamsukuma na shule mpaka kidato cha nne. Hata kazi ile ni yeye aliyemwombea. "Profesa," alisema mwaka jana, "nina wifi yangu nyumbani, mikono yake mipole, hata sahani hajapata kuvunja." Alimwombea kazi ya beseni. Meza ya mwanga hakumwombea.

Ilikuwaje basi? Wifi alikuwa akipanga bahasha, akakuta vioo viwili vya sehemu moja ya anga, vimepigwa usiku mmoja, kimoja baada ya kingine. Kwa udadisi tu akavilaza juu ya meza ya mwanga, akachukua kioo cha kukuzia. Kwenye kioo cha kwanza, karibu na nyota tatu zilizokaa kama mafiga, aliona nukta. Kwenye kioo cha pili mafiga yalikuwepo, nukta haipo. Profesa alitafuta kwenye orodha zote za nyota, za zamani na za sasa, asione kitu mahali pale. Alitoka chumbani kwake miwani imepanda kwenye paji la uso. "Binti," akasema, "umenionyesha kitu ambacho sijui ni nini." Kwa Profesa, hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Bi Vioo alilijua hilo, kwa sababu kwa miaka kumi na moja yeye hakuwahi kuambiwa.

Habari zilipanda ngazi. Mkubwa wa kitengo cha Jua, ambaye wote walimwita Bwana Jua na mwenyewe akapenda, alimkuta Bi Vioo akibeba ndoo.

"Bi Vioo! Nasikia mwanafunzi kampita mwalimu."

"Mwalimu gani, Bwana Jua? Mimi ni mwosha vyombo wa mbinguni tu."

"Basi angalia, wifi yako asije akakuachia masufuria."

Alicheka peke yake mpaka juu. Bi Vioo alicheka pia, kwa meno, na ndoo ikamlowesha miguu.

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Wakati wa kula wifi alikuwa haishiwi maneno. Profesa kasema hivi, Profesa kaniuliza vile.

"Wifi, unajua? Jina langu litawekwa kwenye ripoti."

"Jina lipi? La kwako au la kaka yako?"

"La kwangu, wifi!"

"Haya. Kula, kinapoa."

Bi Vioo alipopiga magoti kusali kabla ya kulala, aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akamwombea hata Bwana Jua Mungu ampunguzie mdomo. Alipofika kwenye jina la wifi yake ulimi ukawa mzito kama uliotiwa gundi, akasema amina, akainuka. Alijua amefanya nini. Mtu hawezi kumruka mtu kwenye sala halafu asijue.

Sasa, chuo kikuu kilikuwa kimetangaza kwamba vitengo vinne ni vingi, kimoja kitafungwa. Kamati ingepita kila kitengo kusikia kinafanya nini. Kila mtu alikuwa na hofu, lakini waliokuwa na hofu zaidi ni wale wa chini ya ngazi, maana nani leo anahangaika na vioo vya zamani? Profesa aliamua kuwaonyesha ile nukta. Zikiwa zimebaki siku tatu akataka kioo kile kinakiliwe upya, kikiwa safi kabisa, akampa Bi Vioo.

Bi Vioo alikipeleka dirishani, akakiinamisha, akaufuta wino uliosalia pembeni. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtu, akachukua kioo cha kukuzia akaitafuta hiyo nukta iliyomnyima usingizi. Akayaona mafiga. Akaiona nukta. Kisha akakisogeza kioo cha kukuzia karibu zaidi.

Nyota za kioo kile hazikuwa duara. Zote zilikuwa zimevutika, kila moja kama punje ya mchele, na punje zote zimelala upande mmoja. Hilo halikuwa jambo geni kwake. Kioo kilikuwa kikiachwa wazi ndani ya darubini saa nzima ili kishibe mwanga, na darubini inatakiwa kuifuata anga taratibu inavyozunguka. Ikichelewa kidogo, nyota zote zinavutika pamoja. Usiku ule ilichelewa. Lakini nukta ya wifi ilikuwa duara safi, kama iliyochomwa kwa ncha ya sindano.

Nyota gani hiyo isiyovutika na wenzake? Hiyo si nyota, alijiambia. Hiyo ni kasoro ya utando: kipovu, au vumbi, au tone la dawa. Alikuwa ameziona kasoro mamia. Na wifi, pamoja na kidato chake cha nne, hakuiona. Wala Profesa hakuiona, kwa furaha.

Tuseme ukweli, nia yake ya kwanza ilikuwa njema. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Profesa, kioo mkononi. "Profesa, hiki kioo..."

"Ah, kimekuwa tayari? Mpe wifi yako akiangalie kwanza," Profesa alisema bila kugeuka. "Yeye ndiye mwenye jicho."

Bi Vioo aligeuka pale mlangoni. Alimpelekea wifi kioo chake, akakiweka mezani kwa adabu zote. "Chukua, mwenye jicho," akasema, na wifi akadhani ni utani.

Siku tatu alikaa na siri ile. Alipika, akafagia, asubuhi ya kamati akampigia wifi pasi blauzi, kola na vifungo, vizuri kabisa, huku akijua anamwandalia mtu nguo ya kuaibikia.

Kamati ilifika saa nne. Walikuwa watu watano, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa sauti, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Bwana Jua naye alijipenyeza akasimama mlangoni, eti amekuja kusalimia. Profesa alisema machache, kisha akamwachia wifi uwanja. Na wifi alisema vizuri! Alieleza vioo viwili, mafiga, nukta iliyopo na nukta isiyokuwepo. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, halafu ikakaa. Mwenyekiti alivaa miwani akainama kwenye meza ya mwanga. "Enhe, naiona," akasema. "Kwa hiyo nyota hii ilikuwepo, halafu haipo?"

"Ndiyo, mama."

"Hapana," akasema Bi Vioo.

Alikuwa amesimama kando ya beseni, ameshika kitambaa. Wote waligeuka.

"Hiyo si nyota," akasema. "Ni kasoro. Tazameni wenyewe. Nyota zote za kioo hicho zimevutika kama mchele. Hiyo peke yake ni duara. Kioo kilikaa wazi saa nzima. Ingekuwa nyota ingevutika na wenzake."

Kisha Bwana Jua akaachia kicheko mlangoni. "Makubwa! Kumbe mmetuitia vumbi!"

Uso ulimshuka wifi, akaishika ile kola iliyopigwa pasi kana kwamba inamkaba. Bi Vioo alikuwa ameingojea dakika hiyo siku tatu, akidhani itakuwa tamu. Ilikuwa tamu kweli, kwa muda wa kumeza mate mara moja.

Profesa aliinama juu ya kioo. Alikaa ameinama muda mrefu mno, mpaka mjumbe mmoja akatazama saa. Alipoinuka, hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uso wa miwani kupanda juu.

"Bi Vioo," akasema taratibu, "nyota inavutika kwa nini?"

"Kwa sababu inaangaza saa nzima, na darubini inachelewa."

"Sasa nikuulize. Kitu kikiwaka ghafla, sekunde mbili, tatu, kisha kikazimika. Kitavutika?"

Bi Vioo alifikiri. Alitamani asijue jibu, lakini alilijua. "Hapana," akasema. "Hakitapata muda. Kitabaki..."

"Kitabaki nini?"

"Duara."

"Duara!" Profesa alipiga kofi mezani, kamati ikaruka. "Mimi nimekuwa nikitafuta nyota iliyofifia taratibu, ndiyo maana sikuelewa kitu. Huu huenda ni mwako! Wa kufumba na kufumbua! Mama mwenyekiti, kuna mambo mawili tu hapa. Ama ni kasoro, kama anavyosema, na mimi nimewapotezea asubuhi. Ama ni mwako wa ghafla angani, na hilo ni jambo kubwa kuliko nililowaitia."

"Na tutajuaje ni lipi?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa hadubini. Kasoro ni kidonda cha utando. Mwanga hauachi kidonda. Mwanga unaivisha zile chembe za fedha zilizomo ndani, zinakuwa nyeusi, zinakaa pamoja kama mbegu." Profesa akageuka. "Na hapa hakuna aliyeona vidonda vya utando vingi kuliko Bi Vioo. Mimi mwenyewe akiniambia hiki ni kidonda, napokea neno lake."

"Basi aangalie yeye," akasema mwenyekiti.

Hivyo ndivyo Bi Vioo alivyojikuta amewekwa kuwa hakimu wa nukta ya wifi yake. Alikiweka kitambaa chini, akavaa glavu za pamba, akakiweka kioo chini ya hadubini utando ukiwa juu, akasogeza taratibu mpaka akayapata mafiga, akaongeza ukubwa, akaifikia.

Chembe. Nyeusi, za kuiva, zimejazana katikati na kutawanyika pembeni, sawasawa na zile za nyota jirani. Utando juu yake mzima, hauna shimo, hauna mkunjo. Hakuhitaji kutazama mara ya pili. Alijua kama mtu anavyojua sauti ya mlango wa nyumbani kwake.

Alitazama mara ya pili.

Neno lilikuwa moja tu, na fupi. Kidonda. Angelisema, na Profesa angelipokea, na kamati ingeondoka, na wifi angerudi kwenye beseni kesho asubuhi. Nani angechungulia baada yake? Na kitengo kikifungwa? Moyo ukajibu upesi: kifungwe, mimi nimezoea ndoo, nitaosha popote. Alishtuka kusikia moyo wake umekwenda mbali kiasi hicho. Kumbe alikuwa radhi nyumba nzima iungue, ilimradi mmoja asikae kwenye kiti cha meza ya mwanga.

"Vipi?" mwenyekiti akauliza.

"Bado naangalia," akasema.

Akafumba jicho lile lililo kwenye hadubini. Kushuhudia uongo alikatazwa tangu mtoto, hilo halikuwa fumbo. Alimwomba Mungu ampe neno la kweli na moyo wa kulisema. Moyo haukuja. Alingoja kidogo, haukuja. Basi akaona atasema bila huo moyo, na Mungu atajua la kufanya na mtu wa namna hiyo.

"Si kidonda," akasema, kama mtu anayerudisha kitu alichokwishakitia mfukoni. "Ni mwanga. Chembe zimeiva vizuri. Ulikuja, ukaondoka."

Kamati haikuahidi kitu, kamati haziahidi. Lakini mwenyekiti aliomba kuchungulia mwenyewe, akakaa sana, akaandika ukurasa mzima. Kabla ya kutoka akamuuliza Profesa, "Vioo vya namna hii, vyenye nyota zilizovutika, mnavyo vingapi?" Profesa akasema ni maelfu, hakuna aliyewahi kuvitaka kwa sababu vinahesabika vibovu. "Vitafuteni," akasema mama yule. "Hivyo hivyo vibovu." Bwana Jua akapanda ngazi zake.

Mlango ulipofungwa wifi alimrukia Bi Vioo shingoni. "Wifi! Umeniokoa!"

"Niache."

"Bila wewe hata nisingejua nimeona nini!"

"Niachie, nimekwambia. Usinishukuru." Bi Vioo aliishusha mikono ya wifi. "Nilisimama pale nikuaibishe. Nilijua ni kasoro, au nilidhani najua, tangu siku tatu zilizopita."

Wifi alirudi nyuma hatua moja. "Siku tatu?"

"Siku tatu."

"Siku tatu tunakula pamoja? Hii blauzi umenipigia pasi leo asubuhi!"

"Nimeipiga."

"Ungeniambia jikoni, wifi! Tuko wawili tu mle ndani!"

"Ningekwambia, ungesema nina wivu."

"Si unao!"

"Ninao," akasema Bi Vioo.

Wifi alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wa blauzi. "Ulinifundisha kuosha," akasema. "Mbona hukunifundisha hilo la mchele?"

Bi Vioo hakuwa na jibu la kumpendeza mtu. "Ningekupa hilo," akasema, "mimi ningebaki na nini?"

Profesa alichungulia, hajui la huku wala la kule, ana karatasi mkononi. "Ripoti itakuwa na majina yenu mawili. Mmoja ameiona, mmoja ameijua. Sasa, lipi linaanza?"

"Langu," wifi akasema upesi, akimtazama Bi Vioo machoni. Hakuwa anatania. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Ilimuuma Bi Vioo kama jino linapong'olewa. "Anzeni na lake," akasema. "Ndiye aliyeona."

Usiku ule, alipopiga magoti, jina la wifi alilitaja la kwanza. Alilitaja kwa taabu, bila maneno mazuri ya kulipamba, lakini alilitaja.

Kesho yake walianza kuvitafuta vioo vibovu. Wifi hakumsalimia vizuri, alisalimia kwa kidevu. Alifungua kabati la kwanza karibu na mlango, akabeba bahasha kumi kwenda mezani. Bi Vioo alikwenda kabati la mwisho, ukutani, ili wakutane katikati siku watakayokutana, hata ikiwa baada ya miaka. Hawakuongea mpaka karibu na adhuhuri.

"Wifi," akaita yule wa mlangoni, hajainua kichwa. "Zikivutika kidogo tu, zinahesabika?"

"Zinahesabika. Tazama zile kubwa kwanza, ndizo zinazosema kweli."

"Haya."

"Na usinichungulie mimi. Chungulia kioo chako."

"Nani anakuchungulia?"

Bi Vioo alikuwa amekwisha kuchukua bahasha nyingine. Alivuta kioo nje, akakiinamisha dirishani, akaanza kukitazama, haraka kidogo kuliko kazi ile ilivyotaka.